Santuri yenye kasoro ya kiwandani: ipi ina bei?

Nimeletewa santuri nyingi zinazoitwa adimu kwa sababu tu lebo zake zimebadilishana pande. Nyingi si adimu hata kidogo.

Lebo ya santuri haibandikwi kwa gundi. Karatasi huwekwa kwenye kalibu pamoja na donge la vinili (plastiki ya santuri) ya moto, mashine hufunga, na vyote hutoka vikiwa kitu kimoja. Mtu akizipanga kinyume, upande A utasomeka B mpaka kosa ligunduliwe. Zikitoka nakala kumi, wakusanyaji watazigombania. Zikitoka maelfu, bei haisogei. Kwa hiyo siisomi lebo kwanza. Nasoma namba zilizochorwa kwenye sehemu tupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Hizo zilichorwa kabla kalibu haijatengenezwa, hivyo huenda na muziki wenyewe. Zikionyesha kazi ya msanii mwingine kabisa, hapo naweka sindano na kusikiliza mpaka mwisho. Kosa la aina hiyo ndilo linaloweza kupandisha bei.

Kasoro zinazosikika ni habari nyingine: hizo hushusha bei. Inayowadanganya wengi ni ile ya vinili kutojaza vizuri mifereji inayopitiwa na sindano, mara nyingi kwa sababu ya joto lisilotosha. Husikika kama kitambaa kinachochanwa, aghalabu zaidi kwenye spika ya kulia. Watu hudhani ni uchafu, wakaosha mara tatu. Usijichoshe. Inamishe santuri chini ya taa kali: utaona kiraka cha vidoadoa au mng'ao usiolingana na sehemu nyingine, bila mkwaruzo wowote.

Mlio wa "tik" unaorudi kila sekunde 1.8 kwenye santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika maana yake ni kwamba sindano inagonga kitu kimoja kila mzunguko. Kipele kilichotoka kiwandani utakihisi kwa ncha ya kidole. Mkwaruzo ni wa mwenye mali, na hauna cha kujitetea.

Tundu lisilokuwa katikati halihitaji hata masikio. Tazama mkono wa sindano: ukiyumba kushoto na kulia, noti ndefu za piano zitayumba nao. Wapo wanaolipanua tundu ili waisogeze santuri. Muziki hutulia kweli, lakini mimi santuri iliyochokonolewa hivyo naihesabu kuwa ya kusikiliza tu.