Mkono wa mtu

Duka la shangazi yangu lilikuwa Tandika, Dar es Salaam: dirisha moja la nondo, mzani, ndoo ya mafuta ya kula, na droo ya mbao iliyokuwa ikikwama ukiivuta. Ikifika jioni hesabu haitimii. Leo pungufu elfu mbili, kesho elfu tano. Neno wizi halikutamkwa. Lililotamkwa ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela ya mwenzako. Shangazi akaweka ndimu ndani ya droo iwe kinga, halafu akaacha kupokea hela mkononi kutoka kwa mama mmoja wa ng'ambo ya barabara. Akija kununua sukari anaambiwa, "Weka hapo juu, jirani, mikono yangu ina unga." Mikono haikuwa na unga. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya gunia la mchele, na nilikuwa naiona.

Nilipokua ndipo nikaambiwa. Hela zilikuwa zinachukuliwa na mumewe, zinakwenda Mtoni kulisha watoto wawili ambao nyumbani kwetu hatukuwataja. Bibi alijua. Mama yangu alijua. Shangazi alijua kabla yao wote, na ndimu aliiweka hivyo hivyo.

Nimeanza na duka kwa sababu kila mwaka napokea miswada ya riwaya za majini, wanga na misukule, na mingi huanzia pasipofaa: makaburini, saa nane za usiku, bundi analia. Kazi yangu ni kuhariri riwaya, huu mwaka wa 18, na bundi huyo nimeshamchinja kwa kalamu nyekundu mpaka nimechoka. Makaburi yanatisha, sikatai. Lakini makaburini hakuna mtu mwenye sababu ya kunyamaza. Dukani yupo.

Walimu wa fasihi huziita riwaya za aina hii uhalisia mazingaombwe. Asili ya jina iko mbali. Mhakiki Mjerumani Franz Roh alilitumia mwaka 1925 akizungumzia michoro, si vitabu. Mwaka 1949 Alejo Carpentier wa Kuba akaja na la kwake, uhalisia wa ajabu, baada ya aliyoyaona Haiti. Kisha García Márquez wa Kolombia akatoa riwaya yake ya mji wa Macondo mwaka 1967, na watu wengi wakaamini kwamba mambo haya yalianzia Amerika ya Kusini. Sina ugomvi na hao. Neno mazingaombwe ndilo linalonikera kidogo. Mazingaombwe ni yale ya bwana anayekuja shuleni na sanduku lake, anameza wembe, anatoa njiwa, na wote mnajua kwamba ni kiini macho, mnapiga makofi. Ndimu ya shangazi haikupigiwa makofi. Ilikuwa kifaa cha dukani, kama mzani.

Sikiliza kwanza lugha yenyewe inavyousema uchawi. Amerogwa. Amechezewa. Katupiwa jini. Kafungwa kizazi. Vitenzi hivi tunavisema katika kutendwa, na mtendaji tunamwacha nje. Sarufi haitukatazi kumtaja. Ni kuongeza "na fulani" tu, kazi imekwisha. Hatuongezi. Tunaishia pale pale, na kila aliyekaa mkekani anajaza jina moyoni mwake. Tukibanwa sana tunasema hapa kuna mkono wa mtu. Mtu gani? Mtu. Mpenzi wa riwaya akilitazama neno hilo vizuri ataona kwamba nusu ya kazi ya mwandishi imeshafanywa na watu wa barazani: uchawi upo, siri ipo, na vyote viwili vimetiwa katika sentensi ambayo mtu anaweza kuisema huku anachambua mchele.

Ndiyo maana nasema uchawi katika riwaya nzuri ya Kiswahili ni namna ya kulitaja jambo ambalo nyumba imekubaliana kutolitaja. Ukiuondoa kwenye kazi hiyo, unabaki na vitisho vya watoto.

Aliyenifundisha hili vizuri kuliko wote ni Shaaban Robert, na wala si katika kitabu ambacho wengi hukisifia. Chukua Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anafika Janibu kufuatilia kodi. Kodi! Safari ya kikazi kabisa. Anapokewa na Adili, mtawala mwema, mpole, mkarimu, anakula, analala. Usiku anamwona mwenyeji wake anaamka, anakwenda walikofungwa manyani wawili, anawachapa, kisha anawalilia. Manyani hao ni ndugu zake waliomhusudu wakamtosa baharini, na jini aliyemwokoa ndiye aliyewageuza na kuamuru wachapwe kila usiku.

Hadithi hiyo ina mizizi katika Alfu Lela Ulela, na huko wanyama ni mbwa. Shaaban Robert kaweka manyani, na mimi naona badiliko hilo lina uzito wake, maana nyani akikutazama unajua anakutazama. Lakini kinachonishika zaidi ni mpangilio. Msomaji hapewi kwanza jini. Anapewa mgeni aliyelala nyumba ya watu, akasikia kisichomhusu. Kila mtu aliyewahi kulala ugenini anakijua kimya kile cha asubuhi, wakati chai inamiminwa na wewe unajifanya hukusikia kitu. Swali linalokuvuta mbele si mtu anageukaje kuwa nyani. Hilo unalimeza bila taabu. Unachotaka kujua ni kwa nini mtu mwema anapiga, na anapiga huku analia. Uchawi umetumika kuifanya siri ya familia iwe kitu chenye mkia, kinachokula, kinachohitaji kufungiwa.

Kipo kinyume chake, nacho nakipenda vilevile. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mzimuni, na neno la mzimu lingetosha kuifunga kesi. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake hawaridhiki nalo. Anautafuta mkono wa mtu kwa maana ya kawaida kabisa, mkono wenye vidole. Hapo mzimu ni pazia. Tazama lakini: pazia hilo lisingefunika kitu kama watu wa pale hawakuwa tayari kuliacha lifunike. Unaweza kuuamini uchawi au kuukana, riwaya bado inakudai jambo moja: kujua nani ananufaika na kimya.

Sasa niseme ya mezani kwangu. Mwandishi mmoja kijana aliniletea mswada wa mke asiyeshika mimba. Amefungwa kizazi. Ukurasa wa 40 mganga anachimbua chungu chini ya kizingiti, anamtaja mama mkwe, mama mkwe anapiga ukelele, anaanguka, povu. Alama za mshangao zilikuwa nyingi kiasi kwamba ukurasa ulionekana umepigwa misumari. Na baada ya hapo kurasa 160 hazikuwa na kazi, kwa sababu siri ilishatajwa kwa jina na ukoo.

Nilimuuliza swali moja: mume amewahi kupimwa? Akakaa kimya muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema, "Hilo kwetu haliulizwi, dada." Nikamwambia basi hiyo ndiyo riwaya yako. Tuliiandika upya sehemu ile mara nne. Ilipotulia ilikuwa hivi: Mganga alichimbua chungu chini ya kizingiti. Ndani mlikuwa na misumari saba, nywele, na kitambaa chekundu. Mama mkwe alisema wali unaungua, akaenda jikoni. Hakuna jina lililotajwa. Na katika sura nyingine, bila kelele yoyote, mke anatoa nguo za mumewe kwenye begi azifue, anakuta karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne, ya tarehe ya kabla ya harusi. Anairudisha ilivyokunjwa. Kesho yake ndiye anayemtafuta mganga mwingine, kwa hela yake mwenyewe.

Sauti ya msimulizi haikupanda popote. Bei ya sabuni na misumari ya chunguni vilisimuliwa kwa pumzi moja. Kanuni ninazo chache, na hii ni mojawapo: msimulizi akianza kushangaa, msomaji anaacha.

Kuna jambo jingine linalonifanya niwe mkali kuhusu majina. Tanganyika ilitungiwa sheria ya uchawi mwaka 1928, na Tanzania bado inayo vitabuni. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Magazeti yalitumia msemo uliokaa sawasawa: ramli chonganishi. Ndiyo ramli inayofanya kile ambacho kitenzi chetu kinakwepa. Inaongeza "na fulani". Huko Shinyanga na Mwanza, fulani huyo amekuwa mara nyingi bibi kizee mwenye macho mekundu, na macho hayo kayapata kwa moshi wa kuni na samadi aliouinamia miaka hamsini akipikia watu hao hao. Kwa hiyo mswada ukinijia na mchawi ambaye ni ajuza, mjane, macho mekundu, anaishi peke yake pembeni ya kijiji, naurudisha hata kama umeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mwandishi huyo amepiga ramli chonganishi, kaipa jalada.

Njia ya kutoka hapo ilishaonyeshwa zamani. Katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977, kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake, na wewe msomaji huwezi kumnyooshea kidole mtu wa pembeni kwa sababu umeshaingizwa ndani ya nyumba yenyewe. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya 2001, anamleta marehemu amshitukize mjukuu mkubwa wa cheo. Mzuka huo hauji na jina la jirani. Unakuja na hesabu za mjukuu mwenyewe.

Watu huniuliza kama mambo haya yanapatikana vitabuni tu. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi viliporudishwa, zimwi liitwalo Popobawa lilitanda Pemba na Unguja mpaka watu wakawa wanalala nje kwa makundi, mbele ya nyumba zao, moto unawaka. Ilisemwa kwamba linavamia watu vitandani, na linawafanyia mambo ambayo mtu kwa kawaida angekufa nayo moyoni. Lakini lilikuwa na sharti: aliyevamiwa awaeleze wenzake, asipoeleza litarudi. Nimekaa na sharti hilo miaka mingi. Zimwi linalodai usiri nimeliona katika mia ya miswada. Linalodai uwatangazie watu aibu yako hakuna mwandishi aliyelitunga. Lilitungwa na visiwa vizima, katika mwaka ambao majirani walianza kuulizana chama.

Shangazi alifunga duka mumewe alipofariki. Kwenye msiba walikuja vijana wawili kutoka Mtoni, warefu, wamevaa kanzu mpya zenye mikunjo ya dukani. Shangazi akawapokea, akawaonyesha pa kukaa, akamwambia mama yangu awape chai. Yule mama wa ng'ambo ya barabara alikuwepo, anamenya vitunguu na wenzake, na hakuna aliyemwomba radhi, kwa sababu kumwomba radhi kungetaka kwanza kusema kwamba kuna alichodhaniwa.

Droo shangazi anayo hadi leo, iko chumbani kwake, kawekea dawa za presha. Mwezi uliopita alinituma nimletee vidonge. Bado inakwama. Nilipoivuta kwa nguvu, kitu kidogo kikavu, cheusi, kikabiringika toka nyuma, kikagonga mbao.

"Kirudishe," akasema kutoka sebuleni.