Mtoto Amerudi Safari, Usingizi Haujarudi

Kila Januari foleni ya mizani katika kliniki yetu ya mama na mtoto, hapa Dar es Salaam, hujaa lalamiko moja. Familia zimerudi kutoka Moshi, Bukoba na Mbeya zilikokwenda kula sikukuu, na mtoto halali. Mwaka huu malalamiko yamezidi, ndiyo maana tumeona tuandike. Hapa namzungumzia mtoto wa mwaka 1 hadi 3.

Asubuhi moja mama alifungua mkoba kutafuta kadi ya mtoto, ikatangulia kutoka chupa ya dawa ya mafua. Kwenye lebo palikuwa na mstari wa kalamu ya bluu: kipimo cha kila usiku. Mtoto ana miezi 20 na hana mafua. Dukani aliambiwa "itamlaza". Mama huyu anampenda mwanawe, alikuwa na siku tisa hajapata usingizi, na kazini wanamsubiri. Namwelewa. Hata hivyo, chupa ile haikupaswa kuwa mkobani mwake.

Kusinzishwa na dawa si kulala. Dawa yenye promethazine, kiambato cha kusinzisha kilichomo katika baadhi ya dawa za mafua, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kumzuia kupumua. Nyingine za jamii hiyo huwafanya baadhi ya watoto wahangaike usiku kucha badala ya kutulia. Duka la dawa muhimu hufanya kazi kwa kibali, na kibali hicho hubandikwa mahali mteja anapokiona. Baraza la Famasi linaweza kukisimamisha au kukifuta endapo duka litauza dawa kinyume cha masharti. Ukiuziwa dawa ya namna hiyo, tunza chupa, boksi lake na risiti, andika tarehe, kisha upeleke kwa mfamasia wa halmashauri yako. Usimwage dawa iliyobaki. Bila chupa hatuna pa kuanzia. Na kwa upande wa mzazi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka amlinde mtoto na ampatie matibabu. Anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Siandiki haya kumtisha mtu.

Sasa tuangalie kilichomkuta mtoto. Chukua aliyekuwa Bukoba. Mwishoni mwa Desemba jua la kule huchomoza karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, na huchelewa kuzama pia. Amelala kitanda kimoja na bibi, kwenye ubaridi, amefunikwa blanketi. Jioni amepewa chai ya maziwa, na majani ya chai yana kafeini kama kahawa. Binamu wamecheza naye mpaka saa 4 usiku. Kisha safari ndefu ya basi, akasinzia njia nzima. Anafika nyumbani: joto la Januari, hakuna bibi, na dada wa kazi aliyemzoea hakurudi kutoka kwao, ameletwa mwingine. Kila kilichokuwa kikimwambia "sasa tunalala" kimeondoka kwa mkupuo.

Hajatupiwa jicho. Tunalisema hili kila mwaka. Ile kamba nyeusi ya shingoni mvueni anapolala, inaweza kumkaba.

Pa kuanzia ni asubuhi, na hapa wengi hukosea. Mwamshe saa 1 asubuhi hata kama alilala saa 6 usiku. Fungua pazia, mtoe uani apate mwanga, mpe uji. Mchana alale baada ya chakula, lakini saa 9 alasiri awe ameamka. Wapo wanaomnyima usingizi wa mchana ili "achoke vizuri". Tafadhali acheni. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulia na kupigana na usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale kwa muda wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 muda wa saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo.

Jioni mpangilio uwe uleule kila siku: chakula, kuoga, chandarua, taa, wimbo. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla. Kama amezoea kulala saa 5, usimlazimishe saa 2 siku ya kwanza. Rudisha nyuma robo saa kila siku. Kwa joto hili fulana nyepesi inatosha, blanketi la kwa bibi likunjwe.

Akilia usiku nenda, mpapase mgongoni, sema maneno machache yaleyale, usiwashe taa. Nyonyo kwa anayenyonya haina ubaya.

Lakini akiwa na homa, usihangaike na ratiba. Mikoa kama Kagera ina malaria nyingi, na homa inaweza kuanza wiki mbili au zaidi baada ya kung'atwa na mbu. Mlete siku hiyohiyo achomwe kidole. Akikutwa nayo kwa kawaida hupewa dawa mseto kulingana na uzito: dozi sita kwa siku tatu, ya pili ukipita muda wa saa 8 tangu ya kwanza, pamoja na chakula au maziwa, na zote zimalizwe hata kama homa imeshuka. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usisubiri kuche.

Siku ya kliniki njoo na kadi, na kama unaweza, njoo na huyo dada mpya. Yeye ndiye anayeamua kama mtoto ataamshwa saa 9 alasiri au ataachwa mpaka saa 12 jioni, wewe ukiwa bado kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi.