Kufuatilia dekoda ya video ya mtandao ni kufuatilia nini?

Dekoda ya video ya mtandao ni kifaa au programu inayopokea video iliyobanwa, kuisimbua (yaani kuifungua iwe picha tena) na kuipeleka kwenye skrini. Video hiyo huwa imebanwa kwenye kamera au enkoda (kifaa cha kubana video), mara nyingi kwa H.264, kiwango cha mwaka 2003, au H.265 cha mwaka 2013. Kufuatilia utendaji wa dekoda maana yake ni kuhesabu muda wote fremu (picha moja moja zinazounda video) ngapi zimeingia, ngapi zimesimbuliwa na ngapi zimeonyeshwa. Kufuatilia ubora wa mtiririko ni kuangalia kama zilizoingia zimefika nzima na kwa wakati.

Kwa nini tuhesabu wakati macho tunayo? Kwa sababu picha ikiganda, haisemi tatizo liko wapi. Chukua kamera inayotuma fremu 25 kwa sekunde. Dekoda ina milisekunde 40 tu za kumaliza kila fremu. Zikiingia 25 na kusimbuliwa 18, dekoda imezidiwa: mitiririko ni mingi mno, au kifaa kimepata joto kikajipunguzia kasi. Kubadilisha kebo hapo ni kujichosha bure. Zikiingia 18 na zote zikasimbuliwa, dekoda haina kosa. Rudi nyuma ukatazame namba za pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyobeba video mtandaoni.

Video inaposafiri kwa RTP, itifaki ya kusafirisha video na sauti moja kwa moja, kila pakiti hubeba namba yake. Ukiona 1040, 1041, kisha 1044, mbili zimepotea njiani au zimechelewa. Namba zikiwa zimefuatana vizuri na fremu bado ni chache, basi kamera yenyewe ndiyo inayotuma chache. Kamera nyingi hufanya hivyo gizani ili zipate mwanga wa kutosha. (Namba hizo zikifika 65535 huanza tena 0. Programu iliyoandikwa ovyo hudhani hapo kwamba maelfu ya pakiti yamepotea.)

Asilimia ya upotevu ndiyo hudanganya watu zaidi. Mtiririko wa megabiti 4 kwa sekunde, wenye pakiti za baiti 1,400 hivi, una pakiti zipatazo 357 kila sekunde. Upotevu wa asilimia 0.1 unaonekana si kitu, lakini ni pakiti moja takriban kila sekunde tatu. Na fremu nyingi hazijitegemei: hubeba mabadiliko tu kutoka fremu nyingine. Moja ikiharibika, vimraba na michirizi huendelea hadi ije fremu kamili. Kama fremu kamili huja kila sekunde mbili, mtazamaji anaweza kukaa na picha chafu karibu sekunde hizo zote mbili kwa ajili ya pakiti moja.

Mtiririko ukipita kwa TCP, itifaki inayohakikisha kila data imefika, kilichopotea hutumwa tena, kwa hiyo upotevu utasomeka sifuri hata mtandao ukiwa mbovu. Ubovu unahamia kwenye ucheleweshaji, na huko ndiko pa kupima. Pakiti zinazofika kwa vipindi visivyo sawa, yaani jita, husawazishwa na bafa (hifadhi ya muda inayozishikilia kidogo kabla ya kusimbuliwa), ila kila milisekunde ya bafa huongezwa kwenye ucheleweshaji. Anayetazama tu hatajali. Anayeiongoza kamera kutoka mbali huku akitazama skrini atalalamika, na ana haki.

Vipindi vya kupima navyo viwe vifupi. Wastani wa dakika nzima humeza mgando wa sekunde moja bila kuacha alama, na watu hulalamikia migando, hawalalamikii wastani.

Hata hivyo hesabu hizi zote hazijui kilichomo ndani ya picha. Kamera iliyofunikwa kwa kitambaa hutuma fremu zake 25 safi, dekoda huzisimbua zote, na kila taa kwenye ubao wa ufuatiliaji hubaki ya kijani. Kugundua hilo kunahitaji programu inayochunguza picha yenyewe.