Grili kubwa ya BMW si ya kupooza injini tu

BMW 4 Series ilipotoka mwaka 2020 na grili (wavu wa mbele unaopitisha hewa) iliyoshuka karibu mpaka chini ya bampa, mabishano yakaanza. Waliokerwa waliifananisha na meno ya sungura. Walioipenda wakajitetea: injini yenye nguvu inahitaji hewa nyingi.

Utetezi huo hautoshi. Hewa ya rejeta huingia pia kwa matundu ya chini ya bampa, na nyuma ya grili za magari mengi ya sasa kuna vibao vinavyojifunga injini isipohitaji kupoozwa, ili gari lipasue upepo kwa urahisi. Halafu itazame BMW iX, gari la umeme. Haina injini ya mafuta, grili yake imezibwa, lakini bado ni kubwa vilevile! Nyuma yake kuna kamera na rada, na uso wake umepakwa tabaka ambalo mikwaruzo midogo hujifuta yenyewe.

Wanaodai BMW imeisaliti asili yake kwa grili hizi ndefu nao wamepotoka. BMW 328 ya mwaka 1936 ilikuwa na grili mbili ndefu zilizosimama wima. Kwangu mimi, iX inapendeza. 4 Series wamezidisha.