Je, wajua kwa nini stempu ya Ayalandi ya mwaka 1937 inamwonyesha Mtakatifu Patrick akibariki moto?

Mwezi Septemba 1937 posta ya Ayalandi ilitoa stempu tatu za thamani kubwa, za shilingi 2 na peni 6, shilingi 5 na shilingi 10, zote zikiwa na mchoro mmoja wa Patrick, askofu aliyehubiri Injili katika kisiwa hicho karne ya 5, akiuombea baraka moto wa Pasaka. Mchoro huo ni kazi ya Richard King, fundi wa madirisha ya vioo vya rangi vya makanisani. Wengi humkumbuka mtakatifu huyu kwa kisa cha kuwafukuza nyoka, au kwa jani la shamroki lenye sehemu tatu ambalo inasemekana alilitumia kufundisha fumbo la Utatu. Kwa nini basi ukachaguliwa moto?

Sababu ya kwanza ni ukongwe wa kisa chenyewe. Habari ya shamroki haikuandikwa hadi karne ya 18, ilhali kisa cha moto kilikwisha kuandikwa mwishoni mwa karne ya 7 na Muirchú, mmoja wa waandishi wa mwanzo kabisa wa maisha ya Patrick. Anasimulia kwamba mkesha wa Pasaka uliangukia usiku wa sikukuu ya dini ya jadi, ambapo ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote kuwasha moto kabla ya ule wa ikulu ya mfalme Lóegaire, huko Tara. Patrick aliuwasha wake mahali ambapo mapokeo yanapataja kuwa kilima cha Slane, nao ukaonekana bondeni kote. Waganga wa mfalme wakamwonya kwamba moto huo usipozimwa usiku uleule hautazimika milele, na mfalme akatoka kwa magari ya farasi kwenda kumkabili mgeni huyo. Muirchú anamlinganisha Lóegaire waziwazi na Nebukadreza wa Babeli, kwa hiyo yatupasa kukisoma kisa hiki kama mahubiri kuliko kama taarifa ya mashahidi. Mkatoliki aliyewahi kusimama nje ya kanisa Jumamosi Kuu usiku, padre akiubariki moto mpya kabla mshumaa wa Pasaka haujawashwa, ataitambua mara moja ibada inayoonyeshwa kwenye stempu.

Sababu ya pili imo katika siasa za miaka ile, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi. Ayalandi ilipopata serikali yake mwaka 1922, ilianza mara moja kutoa stempu zenye michoro yake, kama ramani ya kisiwa na msalaba wa Kikelti, lakini kwa thamani za juu iliendelea kutumia stempu za Uingereza zilizoongezewa chapa ya jina la dola jipya, Saorstát Éireann. Hivyo kwa miaka 15 hivi, raia aliyetuma kifurushi cha gharama kubwa aliweza kubandika sura ya mfalme George V, aliyechorwa pamoja na Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, juu ya gari linalovutwa na farasi wa baharini. Desemba 1936 bunge la Dublin lilimwondoa mfalme katika katiba. Julai 1937 wananchi waliipigia kura katiba mpya, ambayo dibaji yake inaanza kwa jina la Utatu Mtakatifu. Miezi miwili baadaye stempu za Patrick zikachukua nafasi ya zile za mfalme. Taifa lililokuwa likijivua utawala wa kifalme lilipata katika kisa hiki askofu aliyewasha moto bila idhini ya mfalme, na mchoro huo ukaendelea kutumika kwa takriban miaka 30.

La kustaajabisha ni kwamba Patrick mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Britania. Katika maandishi yake ya Kilatini yanayojulikana kama Maungamo anaeleza kwamba baba yake alikuwa shemasi na babu yake padre, kwamba alitekwa na wavamizi akiwa na umri wa miaka 16 hivi, akachunga mifugo utumwani Ayalandi kwa miaka sita, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari kuwahubiria watu waliomfanya mtumwa. Humo hamna neno lolote kuhusu Tara wala moto wa Slane. Hata hivyo anaandika kwamba aliwapa wafalme zawadi na kuwalipa wana wao waliosafiri naye, na kwamba safari moja alikamatwa pamoja na wenzake, akafungwa kwa minyororo, na kuachiliwa siku ya 14. Kwa hiyo hatari aliyokabiliana nayo mbele ya watawala, ambayo Muirchú aliivika vazi la kisa cha moto, imethibitishwa na Patrick kwa kalamu yake mwenyewe.