Rutherfordini si rutherfordiumu

Nimesikia mara nyingi mno, na safari ya mwisho kutoka kwa mtu aliyesoma kemia, kwamba elementi iitwayo rutherfordiumu iligunduliwa katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kilichogunduliwa Uluguru ni rutherfordini, ambayo ni madini wala si elementi.

Rutherfordini ni kabonati ya uranili, UO2CO3, yaani urani, kaboni na oksijeni, bila maji na bila metali nyingine yoyote. Rangi yake ni ya manjano, mara nyingine ikielekea weupe au kahawia, na uzito wake ni takriban mara 5.7 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Kwa kuwa karibu asilimia 72 ya uzito huo ni urani, ni madini nururifu sana, yaani hutoa miale kutoka ndani ya atomu zake, na vumbi lake si la kuvuta.

Huhesabiwa miongoni mwa madini ya upili, na upili huo ni wa mpangilio wa kuzaliwa, si wa ubora. Aliyetangulia ni uraniniti, madini meusi yaliyoganda ndani ya miamba ya pegmatiti, yaani miamba yenye fuwele kubwa kubwa, ileile iliyokuwa ikichimbwa ulanga (maika) huko Uluguru. Urani iliyomo humo haiyeyuki kwa urahisi. Maji yenye oksijeni yanapopenya kwenye nyufa za mwamba, kila atomu ya urani hupoteza elektroni mbili zaidi na kugeuka kuwa uranili, atomu moja ya urani iliyobanwa katikati ya oksijeni mbili kwenye mstari ulionyooka, na katika hali hiyo huweza kusafiri na maji. Hatima yake hutegemea itakachokutana nacho njiani: fosfati, silika au metali nyingine zikiwapo, huichukua na kufanya madini mengine kabisa. Kwa rutherfordini, hayo yasiwepo kwa wingi, na kabonidioksidi iwe nyingi kuliko ilivyo katika hewa ya kawaida, kama inavyokuwa udongoni ambako mizizi inapumua na masalia ya mimea yanaoza. Masharti hayo hayakutani mara nyingi, ndiyo maana madini haya ni adimu. Pengine mabadiliko hufanyika palepale, rutherfordini ikachukua nafasi ya uraniniti huku umbo la nje la fuwele ya zamani likibaki kama lilivyokuwa, mithili ya mpangaji mpya katika nyumba ambayo kuta zake hazijaguswa.

Sasa jina. Mwaka 1906, nchi ikiwa bado koloni la Wajerumani, mkemia Willy Marckwald wa Berlin alichunguza madini ya urani yaliyotoka Uluguru, akaieleza kabonati hiyo ya manjano na kuipa jina la Ernest Rutherford, mwanafizikia mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Montreal, Kanada. Heshima hiyo ilistahili, kwa sababu Rutherford ndiye aliyekuwa ametofautisha miale ya alfa na ya beta inayotoka kwenye urani. Lakini angalia tarehe. Tuzo yake ya Nobel ilikuja mwaka 1908, na kiini cha atomu alikieleza mwaka 1911. Katika mwaka 1906 hakuna mtu yeyote duniani aliyeweza kutamka maneno “elementi namba 104”, maana namba hiyo ni hesabu ya protoni ndani ya kiini, na kiini chenyewe kilikuwa hakijajulikana.

Rutherfordiumu ndiyo hiyo namba 104. Haichimbwi popote. Hutengenezwa maabara kwa kugonganisha viini vya atomu, na atomu chache zinazopatikana huvunjika baada ya muda mfupi. Waliodai kuitengeneza kwanza walikuwa wa Dubna, katika Urusi ya Kisovieti, na wa Berkeley, Marekani. Wakabishana juu ya jina kwa miongo kadhaa, Wasovieti wakiiita kurchatovi, hadi jina la sasa lilipothibitishwa rasmi mwaka 1997. Madini ya Uluguru, kwa hiyo, yameitangulia elementi kulibeba rasmi jina la Rutherford kwa miaka 91.

Nakiri kwamba mwisho wa jina umechangia kosa. Madini mengi huishia na -iti, kama uraniniti, na msomaji akikuta -ini hubabaika. Rutherfordite nayo ilikuwapo tangu karne ya 19, lakini lilikuwa jina la madini mengine, yaliyotokana na Rutherford County, North Carolina, mahali pasipohusiana na mwanafizikia wetu, na baadaye yakaonekana kuwa fergusonite tu, madini yenye jina lake tayari. Nasi tunapoyaandika majina haya kwa Kiswahili tunayasogeza karibu zaidi, kiasi kwamba anayesoma haraka haoni tofauti.

Anayetaka kuisifia Uluguru, basi, aseme kwamba ndiko ilikotoka rutherfordini iliyoelezwa kwa mara ya kwanza, madini ya urani. Atakuwa amesema kweli, na Morogoro haitakuwa imepungukiwa na kitu.