Upepo wa usiku Turkana tuufanyie nini?

Watu wakijua nafanya kazi na mitambo ya haidrojeni, hapa Nairobi swali la kwanza huwa ni lile lile, mbona stima ya upepo inaachwa ipotee usiku na bili bado ziko juu? Shida ni saa. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo ya kilowati 850 kila mmoja, kama megawati 310 hivi, na upepo wa pale unavuma sana usiku, sisi tumelala, viwanda vingi vimezima, na mitambo ya mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, bado inazalisha. Gridi haina mahali pa kuweka stima, ikizidi, masafa yake, yaani mara ngapi stima inageuka kwa sekunde, yanapanda juu ya hezi 50, kwa hivyo mitambo inaambiwa ipunguze.

Na hata huo upepo hautulii. Nguvu yake inafuata kasi kwa kipeo cha tatu, yaani kasi ikishuka kutoka mita 10 kwa sekunde hadi 8 tu, stima inakatika karibu nusu.

Hapo ndipo elektrolaiza inaingia. Inapitisha stima kwenye maji, upande huu inatoka haidrojeni, upande ule oksijeni, katikati kuna utando. Kwa gridi huyu ni mteja unayeweza kumwongezea na kumpunguzia vile upepo unavyotaka. Wazo lenyewe si geni, Poul la Cour kule Askov, Denmark, miaka ya 1890 alikuwa anawasha taa za shule kwa haidrojeni ya upepo.

Lakini si kila elektrolaiza inaweza hii kazi! Zile za alkali ni bei nafuu, ila ukizishusha chini ya asilimia 20 ama 30 ya uwezo wake, gesi inayotengenezwa inapungua huku ile inayopenya utando iko pale pale, basi upande wa oksijeni kiwango cha haidrojeni kinazidi kupanda, na ikifika asilimia 4 inaweza kulipuka, so mtambo lazima ujizime mapema. Zile za utando wa polima zinapanda na kushuka kwa sekunde, lakini zinataka iridi, metali adimu, na iridi ni ghali sana. Mimi ningeweka za alkali kadhaa ndogo, ziwashwe moja baada ya nyingine upepo ukiongezeka, halafu betri ishughulikie ile mitikisiko ya sekunde.

Kitu sikubali ni kuirudisha iwe stima tena. Chukua megawati 10 kwa saa 5, hizo ni megawati-saa 50, unapata kama kilo 900 za haidrojeni. Ukizipitisha kwenye seli ya fueli unarudishiwa kama 15 peke yake! Kilo hizo hizo zinatengeneza karibu tani 5 za amonia, na amonia ndiyo mwanzo wa mbolea ya naitrojeni, ile mkulima wetu anangoja meli ilete.

Maji yasikutishe, kilo moja inatumia lita 9, na kusafisha maji ya chumvi kunakula stima kidogo sana ukilinganisha na elektrolaiza yenyewe. Kinachonisumbua ni mtambo uliokula pesa nyingi kukaa bure mchana kutwa ukingoja upepo wa usiku, hapo kila kilo itakuwa ghali hata stima iwe ya bure. Ndio maana ningeujenga karibu na Naivasha, laini ya Turkana inaishia Suswa, si mbali, na Olkaria inaweza kuushikilia kwenye kile kiwango cha chini cha asilimia 20 ama 30 upepo ukilala.